Msimtwike Lugosi Deni la Universal

Kila zinapotajwa filamu za kutisha za zamani, habari za Bela Lugosi husimuliwa kwa namna moja tu. Alikuwa Mhungari mwenye lafudhi nzito na kipaji haba. Mwaka 1931 bahati ikamwangukia, akaigiza Dracula, sifa zikamlevya. Akapewa nafasi ya zimwi la Frankenstein, akaikataa kwa kiburi, na Boris Karloff akaiokota akawa mfalme. Tangu hapo Lugosi akawa wa kuporomoka: filamu za bei poa, wivu, mofini, na mwishowe kaburi alilozikwa na joho la Dracula kwa kuwa alishindwa kujitenga na mhusika wake. Mwaka 1994 Tim Burton aliitia simulizi hiyo muhuri kwa filamu yake Ed Wood, na Martin Landau, aliyemwigiza Lugosi mzee, akapata tuzo ya Oscar.

Simulizi hiyo inapendwa kwa sababu ina dhambi na ina adhabu, na mkosaji ndiye huyohuyo anayeadhibiwa, kwa hiyo msikilizaji haulizi la zaidi. Mimi nasema ni simulizi ya kupotosha katika kila kiungo chake cha maana. Lugosi hakujimaliza mwenyewe. Alilipwa kiduchu na watu walioijua thamani yake, wakamfungia katika aina moja ya nafasi, kisha nafasi hiyohiyo wakawapa wengine. Hayo yameandikwa katika mikataba na katika majina ya waigizaji wa filamu zenyewe, na yeyote anaweza kuyasoma.

Wanaomdharau huanza habari zake mwaka 1931, kana kwamba alizaliwa amevaa joho. Alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1882, kwa jina la Béla Ferenc Dezső Blaskó, katika mji wa Lugos, wakati huo ukiwa ndani ya Ufalme wa Hungaria na leo uko Romania. Jina lake la jukwaani alilitoa katika jina la mji huo. Aliacha shule angali mdogo, akafanya kazi za mikono, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 akajiunga na vikundi vya maigizo vya mikoani. Mjini Szeged aliigiza Romeo. Mwaka 1913 alipokewa katika Jumba la Taifa la Maigizo la Budapest. Ni kweli kwamba huko alipewa zaidi nafasi ndogo, na wapo mashabiki wake wanaolificha hilo bila sababu. Kwa mwigizaji wa Hungaria hapakuwa na mahali pa juu zaidi ya hapo, na waliopewa hata nafasi ndogo walikuwa wamechujwa.

Vita vilipokuja alikwenda kama luteni wa askari wa miguu katika jeshi la Austria na Hungaria, akajeruhiwa, akarudi jukwaani 1916. Mwaka 1919, chini ya serikali ya kikomunisti ya Béla Kun, alikuwa mstari wa mbele kuunda chama cha wafanyakazi wa maigizo. Serikali hiyo ilidumu miezi michache tu. Ilipoanguka, waliojihusisha na mambo yale walikuwa hatarini, naye akakimbilia Vienna, kisha Berlin, ambako aliigiza katika filamu ya F. W. Murnau. Desemba 1920 alishuka New Orleans kutoka meli ya mizigo aliyoipanda kama baharia.

Hilo la chama lisisahaulike, maana linamweleza mtu huyu kuliko joho. Aliikimbia nchi yake baada ya kuwatetea waigizaji, na Hollywood nako alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kujiunga na Chama cha Waigizaji wa Filamu kilipoundwa mwaka 1933. Kadi yake ilikuwa namba 28. Mtu wa namna hiyo hakuwa mjinga wa mambo ya ujira. Alijua anapunjwa, ila kujua unapunjwa hakukupi nguvu ya kukataa kazi.

Sasa tuje kwenye lafudhi, maana ndiyo fimbo ya kwanza wanayompigia. Husemwa kwamba hakujua Kiingereza, na kwamba maneno ya Dracula aliyakariri kwa sauti tu bila kujua maana. Jambo hilo lilitokea, ila katika kazi nyingine. Lilitokea mwaka 1922, alipopewa nafasi katika mchezo wa jukwaani New York ulioitwa The Red Poppy, akiwa hajatimiza miaka miwili Marekani. Alikariri sehemu yake yote kwa masikio na kuiigiza mbele ya watu. Mimi naona hilo ni jambo la kustahiwa. Waigizaji wangapi wa leo wangethubutu? Kamera za studio ya Universal zilipoanza kuipiga filamu ya Dracula mwishoni mwa Septemba 1930, alikuwa na miaka karibu 10 katika nchi ile, na Dracula alikuwa ameshamwigiza jukwaani kwa Kiingereza mara mamia. Katika ukumbi wa Fulton wa New York pekee, kuanzia Oktoba 1927, mchezo ule ulioneshwa mara 261, kisha ukazungushwa miji mingine. Hakuna anayesema maneno yaleyale mara zote hizo asijue anachosema.

Aliitumia lafudhi yake kwa makusudi, na ushahidi umo ndani ya filamu. Dracula ya Tod Browning karibu haina muziki. Upo kidogo mwanzoni majina yanapopita, na katika tukio la ukumbi wa tamasha. Kwingine kote ni kimya cha sinema za sauti zilizokuwa bado changa. Lugosi anakijaza kimya hicho kwa kutamka polepole, kwa kuweka mkazo mahali ambapo mzawa wa lugha asingeuweka, na kwa kusita kabla ya neno la mwisho. Mgeni wake Renfield anamuuliza kama yeye hanywi. Anajibu kwamba kamwe hanywi, ananyamaza kidogo, halafu ndipo anautaja mvinyo. Katika mnyamazo ule mtazamaji mwenyewe anakuwa ameshajijibu bwana huyu hunywa nini. Lafudhi bila akili ya mwigizaji haiwezi kufanya kazi hiyo.

Tazameni pia tukio la kioo. Profesa Van Helsing, adui wa Dracula, amegundua kwamba Dracula haonekani katika kioo kilicho ndani ya kifuniko cha kijisanduku cha sigara. Anamsogelea kwa adabu, anamfungulia kifuniko mbele ya uso. Lugosi anakipiga kijisanduku kile kwa mkono mpaka kinaanguka, na kwa kitambo kidogo uso wake ni wa mnyama aliyekanyagwa. Kisha, kamera ikimtazama, anauvaa upya uso wa bwana mkubwa na kuomba radhi kwa upole. Hana meno marefu. Katika filamu ile hakuna jino hata moja la kubandika linaloonekana, wala alama ya kuumwa shingoni. Mpiga picha Karl Freund alimsaidia kwa taa ndogo zilizoelekezwa machoni. Yaliyobaki yote, kutoka ustaarabu kwenda kwenye unyama na kurudi, yanafanywa kwa misuli ya uso. Filamu yenyewe ina udhaifu, sikatai: ikishaondoka katika ngome ya Transylvania inageuka mazungumzo marefu ya sebuleni. Inabaki hai kila Lugosi anapoingia na inasinzia kila anapotoka.

Sisi tunaotumia Kiswahili kutoka pwani hadi Goma tunajua lafudhi inavyoweza kugeuzwa mzani wa akili ya mtu. Anayetamka tofauti huonekana mpungufu kabla hajasikilizwa. Ndivyo alivyofanyiwa Lugosi, tena na watu waliokuwa wakiingiza fedha kwa lafudhi hiyohiyo.

Haya, Frankenstein. Kiini cha hukumu dhidi yake kiko hapa. Katika mwaka 1931 Universal ilimtangaza Lugosi kwa filamu hiyo, chini ya mwongozaji Robert Florey, na jaribio la kamera likapigwa. Baadaye James Whale, aliyekuwa akipendwa sana studioni, akauchagua mradi ule uwe wake. Florey akaondolewa, na pamoja naye akaondoka Lugosi. Wote wawili wakahamishiwa Murders in the Rue Morgue, iliyotoka 1932. Whale alimtafuta mtu wake mwenyewe, akamwona Karloff. Kwa hiyo, lolote alilolisema Lugosi kuhusu nafasi ile, uamuzi haukuwa mikononi mwake. Mwongozaji mpya alikuja na uchaguzi mpya, kama ilivyo desturi ya kazi ile.

Mtanijibu kwamba Lugosi mwenyewe alikuwa akisema aliikataa. Ndiyo, alikuwa akisema hivyo. Mtu aliyeondolewa kazini hupenda kusema aliondoka mwenyewe, na hakuna haja ya kumcheka kwa hilo. Lakini tuseme kweli aliikataa. Je, kukataa huko kungekuwa kiburi? Nafasi aliyopewa ilikuwa ya zimwi bubu lililofunikwa mapodozi. Alikuwa mwigizaji wa sauti, aliyekuwa na miezi michache tu tangu sauti hiyo ijaze majumba ya sinema. Zimwi lenye huruma, linalonyoosha mikono kuukamata mwanga wa jua, tunalolipenda hadi leo, lilikuja na Whale na Karloff. Hakuna mtu angeweza kulikataa kabla halijakuwapo. Kumlaumu Lugosi kwa kutoliona ni kumhukumu kwa kutazama nyuma.

Nikiacha hapo nitakuwa nimemtetea kwa nusu, kwa sababu kaburi la kazi yake lilichimbwa kwa mshahara. Kwa Dracula alilipwa dola 500 kwa wiki, wiki saba, jumla dola 3,500. David Manners, aliyeigiza kijana mchumba ambaye hakuna anayemkumbuka baada ya taa kuwaka, alilipwa dola 2,000 kwa wiki. Lugosi aliitaka nafasi ile kwa nguvu zote. Lon Chaney, aliyefikiriwa kwanza kwa nafasi hiyo, alikuwa amefariki Agosti 1930, studio ikawa inawapima watu wengine, na Lugosi akajitolea hadi kuwasiliana na mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, kusaidia bei ya haki za kitabu ipungue. Universal iliiona shauku hiyo ikaikata bei. Filamu ikaiinua studio katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na aliyeibeba filamu akabaki na dola 3,500 zake. Mwaka 1932 alitangaza kufilisika.

Alikuwa mtapanyaji fedha, ni kweli. Alipenda sigara kubwa, muziki wa Kihungari na meza zilizojaa wageni, na alioa mara tano. Kama angekuwa mhasibu angeishi vizuri zaidi. Lakini Hollywood ya miaka ile ilijaa watapanyaji waliokufa matajiri, kwa sababu walilipwa.

Mwaka 1934 Universal ilimweka pamoja na Karloff katika The Black Cat ya Edgar G. Ulmer. Karloff alilipwa dola 7,500, Lugosi 3,000. Kwenye orodha ya majina Karloff aliandikwa kwa jina moja tu, kama wafalme, na Lugosi akafuata. Filamu hiyo iliongoza kwa mapato miongoni mwa filamu za Universal mwaka ule. Mwaka uliofuata ikaja The Raven, na safari hii Lugosi ndiye mwenye nafasi kubwa: ndiye daktari mwenye wazimu anayeiendesha hadithi nzima, huku Karloff akiwa mtu anayetumwa. Karloff dola 10,000, Lugosi 5,000. Kama malipo yangefuata kazi iliyoonekana kwenye skrini, hesabu hiyo ingekuwa kinyume.

Nawaomba wanaosema hakuwa na kipaji waitazame The Black Cat mwanzo hadi mwisho. Lugosi ni Dakta Vitus Werdegast, aliyerudi baada ya miaka 15 gerezani Siberia, akimtafuta mtu aliyemsaliti na kumchukulia mke. Mwanzoni, ndani ya behewa la treni, mwanamke kijana amelala karibu na mumewe. Werdegast ananyoosha mkono na kugusa nywele zake polepole. Mume anafumbua macho, anamwona. Katika mikono ya mwigizaji duni hapo pangekuwa mahali pa kutisha au pa aibu. Lugosi anamwomba radhi kwa sauti ya chini, anaeleza kwamba miaka 18 iliyopita alimwacha mwanamke wa kufanana na huyu akaenda vitani, na ghafla unamwonea huruma mtu ambaye sekunde chache kabla ulimwogopa. Mwigizaji huyu alikuwa amevaa sare za jeshi lilelile ambalo Werdegast anasemwa alilitumikia. Katika filamu ile yeye ndiye mwenye moyo na Karloff ndiye mwenye baridi. Nani anaikumbuka kazi hiyo anapolitaja jina la Lugosi?

Kisha njaa ikaja, na haikutokana na kiburi cha mtu. Mwaka 1936 familia ya Laemmle ilipoteza umiliki wa Universal, na wamiliki wapya hawakuzitaka filamu za kutisha. Uingereza, soko kubwa la nje, ilizibana filamu hizo na mwaka 1937 ikaweka cheti maalumu kilichowazuia watoto kuziona. Karloff aliweza kuvuka, kwa sababu alikuwa Mwingereza, Kiingereza kilikuwa lugha yake ya kwanza, na angeweza kupewa udaktari, ulodi au uchunguzi wa polisi bila hadithi kutafuta sababu ya sautiye. Sisemi hili kumpunguzia Karloff. Alikuwa mwigizaji mkubwa na mtu wa chama kama Lugosi. Nasema wale wanaomtumia kama fimbo, kwamba yeye alifaulu kwa nini Lugosi asifaulu, wanasahau kwamba wawili hawa hawakuanzia mstari mmoja. Lugosi alikosa kazi kwa sehemu kubwa ya miaka miwili na kupoteza nyumba. Mwanawe alipozaliwa Januari 1938, mfuko wa misaada wa watu wa filamu ndio uliogharimia hospitali.

Mwaka huohuo jumba moja la sinema Los Angeles lilizirudisha Dracula na Frankenstein, watu wakapanga foleni hadi barabarani, na Universal ikagundua upya kwamba filamu hizi zinalipa. Ikatengeneza Son of Frankenstein, iliyotoka 1939. Inasimuliwa kwamba studio, kwa kuwa ilijua hali yake, ilitaka kumlipa Lugosi dola 500 kwa wiki na kuyabana matukio yake yapigwe katika wiki moja, na kwamba mwongozaji Rowland V. Lee alikasirika akazidi kumwongezea matukio ili abaki kazini. Dola 500, kiwango kilekile cha 1930.

Na alichofanya kwa dola hizo ni Ygor. Ygor ni mwizi wa maiti aliyenyongwa asife, shingo imepinda upande, ndevu chafu, meno yameharibika. Analipuliza baragumu lake dirishani kuliita zimwi. Anapohojiwa na wazee wa mji waliomhukumu kunyongwa, anakohoa kwa makusudi mbele ya mmoja wao, kisha anasingizia mfupa uliomkwama kooni. Hakuna hata chembe ya Dracula ndani yake. Sauti ni nyingine, mwendo ni mwingine, macho yaliyowahi kuamrisha sasa yanachekea chini kwa chini. Karloff yumo katika filamu hiyo kama zimwi, Basil Rathbone yumo, Lionel Atwill yumo, na Ygor anaiba kila tukio analoingia. Mwaka huohuo, katika Ninotchka ya Ernst Lubitsch, Lugosi alikaa nyuma ya meza ya ofisi kama kamishna wa Kisovyeti mbele ya Greta Garbo, akaigiza kwa utulivu bila joho wala kutoa macho. Kama hakuwa na uwezo wa zaidi ya nafasi moja, kazi hizi mbili za mwaka mmoja zilifanywa na nani?

Hollywood iliziona, ikamrudisha gizani. Kuanzia 1941 hadi 1944 alifanya filamu tisa za haraka haraka kwa studio ndogo ya Monogram. Huko Universal, Dracula alipohitajika tena, alipewa Lon Chaney mwana mwaka 1943, kisha John Carradine mwaka 1944 na 1945. Watu wengi hushangaa wakiambiwa hili: Lugosi alimwigiza Dracula katika filamu ndefu mara mbili tu maishani mwake, 1931 na 1948. Aliambiwa kila siku kwamba yeye ni Dracula na si kitu kingine, na kazi ya Dracula ilipopatikana akapitwa.

Kisa cha Frankenstein Meets the Wolf Man cha mwaka 1943 ndicho kinachoniuma zaidi. Filamu iliyotangulia, The Ghost of Frankenstein, iliisha kwa ubongo wa Ygor kuhamishiwa ndani ya zimwi. Zimwi linazungumza kwa sauti ya Lugosi, kisha linapofuka. Kwa mantiki ya hadithi, zimwi la filamu iliyofuata lilipaswa kuwa kipofu na kuzungumza kwa sauti hiyo, na ndiyo sababu Lugosi, sasa na miaka 60, alipewa nafasi ile. Aliigiza upofu kwa uangalifu: mikono imenyooshwa mbele ikipapasa, miguu inakanyaga kwa wasiwasi. Filamu ilipokamilika, studio ikaamua kukata kila neno alilolisema pamoja na kila kauli iliyoeleza kwamba zimwi halioni. Mwandishi wa filamu, Curt Siodmak, alieleza baadaye kwamba zimwi lenye lafudhi ya Kihungari lilikuwa la kuchekesha. Lakini ni mwaka uliotangulia tu ambapo studio hiyohiyo iliiweka lafudhi hiyo kinywani mwa zimwi kwa hiari yake! Matokeo yake, watazamaji waliona mzee anayeyumbayumba akinyoosha mikono bila sababu, midomo ikicheza bila sauti, wakasema Lugosi hajui kuigiza. Na ule mwendo wa mikono mbele, ambao watoto wa dunia nzima huuiga wanapocheza Frankenstein, unatokana na kipofu huyu wa Lugosi, na si na zimwi la mwanzo la Karloff. Hata sifa ya alichokivumbua akapewa mwingine.

Wanaomwona kama mtu aliyepotelea ndani ya joho hawasemi alifanya nini nje ya studio miaka hiyo. Aliongoza baraza la Wahungari wa Marekani waliopinga ufashisti, na mwaka 1944 alisimama mbele ya mkutano wa hadhara Los Angeles kuitaka serikali ya Marekani iwaokoe Wayahudi wa Hungaria waliokuwa wakipelekwa kuuawa. Mtu aliyechanganyikiwa na mhusika wake hafanyi kazi hiyo.

Mofini, basi. Hapa ndipo hukumu hutolewa kwa urahisi kabisa, na hapa ndipo ninapokataa kabisa kukaa kimya. Alikuwa na maumivu makali ya mshipa wa mguuni kwa miaka mingi, akatibiwa kwa dawa za kutuliza maumivu zenye kulevya, zikamshika. Njia hiyo wameipita maelfu walioanzia mkononi mwa daktari. Aprili 1955, akiwa na miaka 72, alikwenda mwenyewe mbele ya mamlaka kuomba alazwe, akapelekwa hospitali ya serikali Norwalk, California. Hollywood ya wakati ule ilificha uraibu wa watu wake kwa kila mbinu. Yeye alizungumza waziwazi, waandishi wakamwona kitandani, picha zikatoka magazetini. Alikaa takriban miezi mitatu, akatoka Agosti akiwa ameacha, akaoa tena mwezi huohuo, na mwaka uliofuata akaonekana katika The Black Sleep. Wengi waliokuwa na nusu ya umri wake hawakuweza hivyo. Simulizi ya kawaida inataja sindano na kuuruka ujasiri.

Filamu za Ed Wood, mwongozaji aliyemtumia Lugosi katika miaka yake ya mwisho, sitazitetea. Ni mbovu. Lakini Wood alimpa kazi mzee ambaye studio zilizotajirika kupitia kwake zilikuwa hazimpigii simu, na katika Bride of the Monster kuna hotuba ya mtu aliyefukuzwa kwao na kudharauliwa, ambayo Lugosi anaitoa kwa uzito usiolingana na filamu ile ya vichekesho visivyokusudiwa. Filamu ya Burton imeitendea haki hotuba hiyo, na Landau ni mwigizaji hodari. Hata hivyo inamwonesha Lugosi akimtukana Karloff kwa maneno machafu, akiishi peke yake, bila mke wala mtoto. Mwanawe alikuwapo, mke wake wa tano, Hope, alikuwapo, na mwana huyo amesema wazi kwamba baba yake hakuwa na kinywa kama kile. Upweke ule uliongezwa na waandishi wa filamu ili tuone huruma. Nami naona huruma iliyojengwa kwa kumfutia mtu familia yake haimfai marehemu.

Alifariki nyumbani Los Angeles tarehe 16 Agosti 1956 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 73. Alizikwa na joho, ndiyo, katika makaburi ya Holy Cross huko Culver City. Lakini hakuacha wosia wa kuvikwa joho. Uamuzi ulikuwa wa mwanawe na wa Lillian, mama wa mwana huyo, wakiamini kwamba angelipenda. Hicho ndicho kisa kizima ambacho watu wamekigeuza kuwa ushahidi wa wazimu.

Na studio haikumaliza naye hata hapo. Miaka ya 1960 Universal iliuza vibali kwa watengenezaji wa bidhaa watumie sura ya Dracula, na sura hiyo ilikuwa ya Lugosi: paji lake, nywele zake, macho yake. Mjane na mwanawe, ambaye alikuja kuwa mwanasheria, wakafungua kesi. Mahakama ya awali ikawapa ushindi mwaka 1972. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya California ikaibatilisha hukumu hiyo, ikisema haki ya mtu kunufaika na sura yake haikuwa imerithiwa. Jaji Mkuu Rose Bird akaandika maoni marefu ya kupinga. Kelele zilizofuata zilichangia California kutunga sheria inayowapa warithi haki hiyo, ikaanza kutumika 1985, na wasanii wengi waliokufa baada yake familia zao zimenufaika nayo. Familia ya Lugosi ilikuwa imeshashindwa. Basi anayeendelea kusema kwamba Lugosi alichezea bahati yake mwenyewe atueleze ni nani aliyekuwa akikusanya ada za uso ule, na kwa filamu ambayo mwenye uso aliifanya kwa dola 3,500.